Nehemia na Chakula cha Mkubwa

Nehemia hakuwa kuhani wala nabii. Alikuwa mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi, kisha liwali wa Yuda. Chini yake ukuta wa Yerusalemu ulimalizika kwa siku 52. Wewe unayeongoza watu ofisini, sokoni, kwenye majengo au bandarini Kalundu, jifunze kwake mambo matatu.

Kwanza, aliikagua kazi mwenyewe. Alizunguka ukuta usiku na watu wachache kabla ya kutangaza lolote (Nehemia 2:12-16). Usimgombeze mtu kwa kazi usiyoifahamu.

Pili, aligawa kazi kwa hekima. Baadhi walijenga mbele ya nyumba zao (Nehemia 3). Mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020, nani alingoja amri ili aondoe matope mlangoni pake? Mtu akiona kazi inamhusu, humsukumi.

Tatu, na hapa wengi huanguka: miaka 12 hakula chakula cha liwali, kwa sababu watu walikuwa wamelemewa (Nehemia 5:14-18). Mkubwa wa leo anakula kwanza, kibarua anaambiwa "rudi kesho". Lakini Torati inaagiza alipwe kabla jua halijatua (Kumbukumbu 24:15), na Yakobo anaonya kwamba mshahara uliozuiliwa unalia mbele za Mungu (Yakobo 5:4).

Juma hili, kabla hujaomba Mungu abariki kazi yako, fungua daftari. Nani anakudai? Mlipe, au mpe siku ya kweli. Kisha piga magoti.