Kupenya, Kupachika, Kubandika: Istilahi za Viunganishi vya Umeme

Mfasiri wa maelezo ya usanifu wa viunganishi vidogo vya umeme, vile vinavyolehemiwa kwenye bodi ya saketi, huhangaikia kwanza jina la kifaa chenyewe. Hatuoni shida hapo. Kwamba mwalimu wa sarufi naye analo neno 'kiunganishi' si hoja; muktadha hutofautisha. Ugumu umo katika kitenzi.

Viunganishi hivyo huwekwa kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza, pini hupenya matundu ya bodi, ambayo mara nyingi huachana kwa milimita 2.54, yaani sehemu moja ya kumi ya inchi, kisha hulehemiwa upande wa pili. Katika njia ya pili, miguu ya kiunganishi hukaa juu ya vipande vyembamba vya shaba na kushikwa na lehemu tu. Plagi ikivutwa kwa nguvu, shaba hiyo yaweza kubanduka. Ndiyo maana wasanifu wengi huongeza vigingi viingiavyo katika bodi, visivyopitisha umeme, ili vihimili mvuto huo.

Kusema 'kupachika' kwa njia zote mbili ni kumficha fundi tofauti hiyo. Na 'kubandika' humfanya adhani pana gundi. Twapendekeza 'kiunganishi cha pini za kupenya' na 'kiunganishi cha kulehemiwa usoni'. Ni marefu, twakiri, lakini hayampotoshi mtu. Ama 'saketi chapwa', tuliache: chapwa ni mchuzi usio na chumvi. 'Bodi ya saketi' yatosha.