Vitafunwa vya Kijapani: Usihadaike na Ladha

Biashara ya kutuma maboksi ya vitafunwa kutoka Japani kila mwezi huishi kwa mshangao wa mteja. Mtu aliyeko London, Toronto au Dubai hulipia usajili, na baada ya muda hupokea boksi lenye pakiti 15 au 20 za namna mbalimbali: krispi za wasabi, chokoleti ya chai ya kijani, pipi inayofoka mdomoni kama soda, kijiti cha unga wa mahindi chenye ladha ya mayai ya samaki yaliyotiwa pilipili. Wengi hujirekodi wakionja, mmoja akikunja uso na mwingine akicheka, na mwisho hukumu huwa ileile: Wajapani wana ladha za ajabu. Hukumu hiyo, kwa maoni yangu, imetazama pasipo. Katika kitafunwa cha Kijapani ladha ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Hubadilishwa kwa gharama ndogo na nyingi kati ya ladha mpya husahaulika kabla msimu haujaisha. Ustadi umo kwenye umbile la kitafunwa chenyewe: kinavyokatika kwa meno, mlio kinaoutoa, muda kinaochukua kulainika, na kile kinachobaki ulimini baada ya chumvi na sukari kupita.

Ili kuelewa kwa nini ladha ni nyingi kiasi hicho, tuanze na duka. Mwaka 1974 duka la kwanza la 7-Eleven nchini Japani lilifunguliwa Toyosu, jijini Tokyo, na leo maduka madogo ya aina hiyo, ya kampuni mbalimbali, yanazidi 50,000 nchi nzima. Duka lenyewe ni dogo na halina ghala la maana. Bidhaa huletwa na magari mara kadhaa kwa siku, na tangu miaka ya 1980 mashine ya keshia imekuwa ikiandika kila pakiti inayotoka na saa iliyotoka. Kitafunwa kisichouzika ndani ya wiki chache huondolewa bila huruma, nafasi yake ikapewa kingine. Kiwanda kinachotaka kubaki kwenye rafu kinalazimika kuleta kipya kila mara. Sasa, kipya gani? Kubuni umbile jipya kunadai mashine mpya, majaribio ya muda mrefu na mtaji mkubwa. Kubadili unga wa ladha unaonyunyizwa juu kunadai kubadili mfuko wa unga na kuchapa karatasi nyingine. Mwenye kiwanda hahitaji kufikiri sana. Umaibo, kile kijiti cha mahindi kilichoanza kuuzwa mwaka 1979, kimepita katika jibini, saladi, supu ya mahindi, nyama ya kuku na mengine mengi, lakini chini ya unga huo mahindi yaliyofurishwa ni yaleyale. Kit Kat ya chai ya kijani ilitoka mwaka 2004 na nyuma yake zikafuata mamia ya ladha, na kaki iliyo katikati haikuguswa. Anayeshangazwa na wingi huu anashangazwa na vita vya rafu, na vita vya rafu si mila ya kale ya mtu yeyote.

Ushahidi wa upande wa pili ni maisha marefu ya maumbile yenyewe. Kappa Ebisen ya kampuni ya Calbee ilianza kuuzwa mwaka 1964, Pocky ya Glico, vijiti vya biskuti vilivyopakwa chokoleti, mwaka 1966, na zote mbili mtoto wa leo huzinunua zikiwa karibu vilevile babu yake alivyozijua. Historia ya hiyo ya kwanza inafaa kusimuliwa. Calbee ilianzishwa Hiroshima mwaka 1949, katika mji uliokuwa bado unajijenga upya baada ya bomu la atomiki, na mwanzilishi wake, Matsuo Takashi, alisumbuliwa na lishe duni ya watu waliomzunguka. Mchele ulikuwa chini ya udhibiti wa serikali, ilhali ngano ya Marekani ilikuwa inaingia kwa wingi. Mwaka 1955 akatengeneza kwa unga wa ngano kitafunwa ambacho kwa desturi hutengenezwa kwa mchele. Baadaye akaingiza kamba wadogo ndani ya donge, wakiwa wamesagwa wazima na maganda yao, kwa kuwa maganda yana kalsiamu. Kilichopatikana ni kijiti chepesi chenye mistari, kinachovunjika kwa mlio mkavu, na wala ladha yake si ya ajabu: kamba na chumvi, basi. Kimedumu kwa sababu ya mlio ule.

Kama hilo halijatosha, utazame ugomvi wa Kinoko no Yama na Takenoko no Sato. Zote mbili ni za kampuni moja, Meiji. Ya kwanza ilitoka mwaka 1975 ikiwa na umbo la uyoga, ya pili mwaka 1979 ikiwa na umbo la chipukizi la mwanzi. Zote ni chokoleti na biskuti. Tofauti kubwa ni kwamba uyoga umesimama juu ya kijiti kigumu kikavu, na chokoleti yake hutengana nacho mdomoni, wakati mwanzi ni biskuti laini ya siagi inayosagika pamoja na chokoleti. Kwa tofauti hiyo tu Wajapani wamegawanyika makundi mawili kwa miongo kadhaa, kwa utani unaokaribia ushabiki wa Simba na Yanga, na kampuni yenyewe imekuwa ikiwaitisha wateja kupiga kura. Hakuna taifa linalobishana hivyo juu ya unga wa wasabi.

Mahali ambapo hoja hii hujitokeza wazi zaidi ni kwenye mchele, na bahati mbaya ndiyo pakiti ambayo wapokeaji wengi wa maboksi huiacha mwisho kwa kuwa ni ya kahawia na haina mbwembwe. Vitafunwa vya mchele vya Japani vina koo mbili. Senbei hutokana na mchele wa kawaida wa kupika; arare na okaki hutokana na mchele unaonata sana, ule wa kutengenezea mochi, yaani keki za mchele uliopondwa. Siri iko kwenye wanga. Wanga wa mchele una molekuli za aina mbili, amilosi ambayo ni nyuzi ndefu zilizonyooka, na amilopektini yenye matawi mengi. Mchele wa kawaida una zote mbili, kwa hiyo donge lake hushikamana na halifuri sana, na senbei hutoka ngumu na nzito, ya kuvunjwa kwa meno ya nyuma. Mchele wa mochi karibu wanga wake wote ni amilopektini. Donge lake hutanuka kama mpira, mvuke ukiwa ndani hulivimbisha, na arare hutoka nyepesi yenye vitundu vidogovidogo visivyohesabika. Kazi yenyewe ni ya subira. Mchele wa mochi hupikwa kwa mvuke, hupondwa, hufinyangwa kuwa kipande kikubwa, kisha huwekwa kwenye baridi siku mbili tatu mpaka ugumu wake uruhusu kukatwa. Vipande hukaushwa polepole, kwa sababu maji yakibaki mengi kitafunwa hakitakauka katikati, na yakiisha kabisa hakutakuwa na mvuke wa kukivimbisha. Ndipo huokwa na kupakwa sosi ya soya. Mpishi wa vitumbua naye huanza na mchele, ila yeye huuloweka, huusaga na kuuachia hamira ifanye kazi, ndiyo maana kitumbua hutoka laini chenye unyevu. Mkoa wa Niigata, unaosifika kwa mchele wake, ndio makao ya Kameda Seika, kampuni kubwa kuliko zote katika kazi hii.

Msomaji makini atapinga: je, msimu nao si mila? Wajapani hula ladha ya maua ya cheri wakati wa machipuko, na viazi vitamu na njugu za chestinati wakati wa vuli, na hawakufundishwa hayo na duka la 7-Eleven. Ni kweli. Harufu tunayoiita ya cheri hutoka hasa kwenye majani ya mti huo yaliyolazwa katika chumvi, yanayofungia keki za mchele za machipuko, na desturi hiyo ni ya zamani kuliko kiwanda chochote cha chokoleti. Desturi ya kurudi safarini na zawadi ya chakula cha mahali ulikotoka nayo ni kongwe. Lakini angalia zawadi zenyewe zinazojaza maduka ya stesheni na viwanja vya ndege: Shiroi Koibito ya Sapporo ni ya mwaka 1976, Tokyo Banana ni ya mwaka 1991. Mila imetoa sababu ya kununua na wakati wa kununua. Kiwanda kimeleta bidhaa. Na zawadi hizo mbili zinapendwa kwa nini? Moja kwa biskuti nyembamba inayokatika bila kusagika, nyingine kwa keki laini mno. Tumerudi palepale kwenye umbile.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na hapa nakubali nusu. Japani ndiko ilikotokea sayansi ya ladha ya tano, umami. Mwaka 1908 Ikeda Kikunae aligundua kwamba utamu wa supu ya mwani wa kombu unatokana na glutamati. Mwaka 1913 Kodama Shintaro akapata inosinati katika samaki mkavu aina ya jodari, na baadaye ikathibitika kwamba viwili hivyo vikiungana nguvu yake huzidi mara nyingi ile ya kimoja kimoja. Watengenezaji wa krispi wanalijua hilo fika. Kwa hiyo siwezi kusema ladha si kitu. Ila umami hufanya kazi chini kwa chini, katika pakiti karibu zote za chumvi, ikiwemo ile ya sosi ya soya isiyopigwa picha na mtu. Si hiyo inayowafanya watu wakunje uso mbele ya kamera.

Wapo watakaosema boksi lenyewe ni ulaghai, kwamba Umaibo moja iliuzwa yeni 10 kwa miaka zaidi ya 40, ikapanda hadi 12 mwaka 2022 na 15 mwaka 2024, huku mteja wa ng'ambo akitozwa makumi ya dola kwa boksi moja. Ulaghai ni neno kali. Anayelipa ananunua nauli ya ndege na kazi ya kuchaguliwa, na vyote vina gharama. Lawama yangu ni nyingine: safari huharibu kile hasa kilichostahili kuonjwa. Unga wa wasabi ukikaa miezi mitatu bado ni wasabi. Senbei iliyoingiwa na unyevu, hasa katika hewa ya Mombasa, Dar es Salaam au Muscat, imekufa. Chokoleti nayo huyeyuka njiani, ikaganda tena ikiwa na madoa meupe na mchanga mdomoni. Ndiyo maana mpokeaji wa mbali hubaki na ladha pekee, akazichukua kuwa ndizo Japani.

Kwa hiyo, boksi likikufikia, lipange upya. Soma kwanza orodha ya viambato, kwa tafsiri ya simu ikibidi, hasa kama unachunga halali: jelatini ya peremende laini mara nyingi ni ya nguruwe, mirini ni kiungo chenye kileo, na sosi ya soya ya kiwandani huweza kuongezwa kileo ili isiharibike. Kamba, ngano, karanga, maziwa na mayai vinapaswa kutajwa kwa sheria, kwa hiyo mwenye mzio atavikuta. Kisha fungua pakiti za mchele kabla ya zote, siku hiyohiyo, na kikaratasi cha dawa ya kunyonya unyevu kilichomo ndani usikitupe kabla hujamaliza. Onja ile ya sosi ya soya mwanzo, halafu arare, halafu kijiti cha kamba, ukisikiliza zaidi ya unavyoonja. Pakiti ya wasabi na ile ya chai ya kijani zinaweza kusubiri hadi wiki ijayo.