Difu ya pikapu: Namba ipi inafaa kwa mzigo na barabara yako?

Pikapu mbili zinatoka Mombo kupanda kwenda Soni na Lushoto, mkoani Tanga. Zote ni za kampuni moja na za mwaka mmoja, na kila moja imebeba mifuko ya mbolea idadi ileile. Ya kwanza inapanda kwa gia ya tatu, taratibu lakini bila shida. Ya pili imeshapunguzwa hadi gia ya pili, injini inanguruma, na dereva akisimama kwenye kona na kuanza tena, klachi inatoa harufu ya kuungua.

Injini ni zilezile na tairi ni zilezile. Tofauti iko chini ya gari, ndani ya lile tumbo la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma. Hiyo ndiyo difu.

Mtu anaponunua pikapu ya kazi huuliza mambo mengi. Imetembea kilomita ngapi? Injini imewahi kufunguliwa? Springi ni ngapi? Ni wachache wanaouliza namba ya difu. Hata hivyo, namba hiyo ndiyo inayoamua kama gari litavuta mzigo wako, litakunywa mafuta kiasi gani, na litashika vipi mlimani wakati wa kushuka.

Namba ya difu ni nini?

Nguvu ya injini hupita kwenye giaboksi, ikafuata propela hadi kwenye difu. Ndani ya difu kuna gia mbili kuu. Moja ni ndogo, inaitwa pinioni, na inazungushwa na propela. Nyingine ni kubwa, mafundi huiita kraunwili, nayo ndiyo inayozungusha tairi.

Hesabu yake ni rahisi: gawanya meno ya kraunwili kwa meno ya pinioni. Kraunwili ikiwa na meno 41 na pinioni meno 10, namba ya difu ni 4.1. Maana yake, propela inazunguka mara nne na kidogo ili tairi izunguke mara moja tu. Kraunwili ya meno 41 ikikutana na pinioni ya meno 9, namba inakuwa 4.556. Kwenye pikapu nyingi namba hii huwa kati ya 3.5 na 5.

Kama umewahi kuendesha bodaboda, jambo hili unalijua tayari. Dereva wa milimani anayebeba mizigo hufunga sproketi kubwa zaidi gurudumu la nyuma. Pikipiki inapata nguvu ya kupanda, lakini kwenye tambarare inalia mapema na haikimbii kama zamani. Difu ya pikapu inafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo.

Kwa hiyo kumbuka hivi: namba kubwa, nguvu kubwa na mwendo mdogo, namba ndogo, mwendo mkubwa na nguvu ndogo. Wengi huchanganya hapa, wakidhani difu ya 3.5 ina nguvu kuliko ya 4.5. Ni kinyume chake.

Unapata nini, unalipa nini?

Ukitoka difu ya 4.1 kwenda 4.556, nguvu inayofika kwenye tairi inaongezeka kwa asilimia 11 katika kila gia. Gari linaanza kuondoka kwa urahisi, klachi haiteseki, na mlima uliokuwa wa gia ya pili huenda ukapandika kwa gia ya tatu.

Lakini nguvu hiyo haiji bure. Chukua pikapu yenye tairi za 265/65R17, inayokwenda kilomita 80 kwa saa, ikiwa kwenye gia ambayo giaboksi haibadilishi mizunguko ya injini. Kwenye giaboksi nyingi za gia tano, hiyo ni gia ya nne. Injini itazunguka hivi:

- Difu ya 3.583: karibu mara 1,960 kwa dakika.
- Difu ya 4.1: karibu mara 2,240 kwa dakika.
- Difu ya 4.556: karibu mara 2,490 kwa dakika.

Mwendo ni uleule, ila injini yenye difu ya 4.556 inazunguka zaidi ya mara 500 kila dakika kuliko yenye 3.583. Kwa safari ndefu ya lami, gari likiwa tupu, hayo ni mafuta yanayopotea, kelele zaidi na injini kuchakaa zaidi.

Hata hivyo, usidhani kwamba difu ya namba ndogo hubana mafuta wakati wote. Gari lenye mzigo mzito na difu ya namba ndogo hulazimika kubaki gia za chini, na dereva hukanyaga mafuta mpaka mwisho. Hapo linaweza kunywa mafuta mengi kuliko lenye namba kubwa. Difu inayobana mafuta ni ile inayoiacha injini ifanye kazi kwenye mizunguko yake ya kawaida, kwa kazi unayoifanya siku nyingi.

Mzigo wako unapanda au unashuka?

Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Mfanyabiashara wa mboga wa Lushoto anapofikiria mlima, anafikiria kupanda. Lakini kabichi, karoti na viazi vyake vinashuka. Gari linapanda tupu, au na mbolea na saruji kidogo, kisha linateremka likiwa limejaa, kwenye kona zilizofuatana hadi Mombo. Mkulima wa Mgeta anayepeleka mboga Morogoro naye yuko hivyo hivyo.

Kwa watu hawa, difu ni suala la usalama kabla ya kuwa suala la nguvu. Ukishuka ukiwa kwenye gia bila kukanyaga mafuta, injini hulishika gari. Namba kubwa ya difu huongeza kushika huko, na breki hupata nafuu. Difu ya namba ndogo huliacha gari lizidi kukimbia, dereva akakanyaga breki mfululizo, breki zikapata moto, na breki zenye moto mkali hupoteza nguvu.

Difu yoyote uliyonayo, shuka kwa gia ambayo ungeitumia kupanda mlima huohuo ukiwa na mzigo huo. Usishuke kwa gia huru, ile wengine wanayoiita frii, kwa nia ya kubana mafuta. Hapo injini haishiki chochote, na uzito wote wa gari na mzigo umebaki juu ya breki peke yake.

Jambo jingine la kukumbuka: difu ya nguvu haiongezi uzito ambao gari linaruhusiwa kubeba. Chesesi, springi, beringi na breki ni zilezile. Kama pikapu imetengenezwa kubeba tani moja, kuiwekea difu ya 4.556 hakuifanyi kuwa ya tani moja na nusu. Itakachofanya ni kukuwezesha kuondoka na mzigo ambao huwezi kuusimamisha.

Tairi kubwa hubadilisha difu bila wewe kujua

Vijana wengi hupenda kuinua pikapu na kuifunga tairi kubwa ili ipite kwenye matope na mawe. Tairi kubwa hukanyaga njia ndefu zaidi kila inapozunguka, hivyo ni sawa na kupunguza namba ya difu.

Tairi ya 265/65R17 ina kimo cha karibu sentimita 77.6. Ya 285/70R17 ina karibu sentimita 83.1. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 7. Gari lenye difu ya 4.1 litakuwa kama lenye difu ya 3.83. Kama lilikuwa linapanda kwa taabu, sasa litapanda kwa taabu zaidi.

Mshale wa spidi nao utadanganya. Ukionyesha 80, wewe kwa kweli uko karibu 86. Ukitaka kurudisha nguvu ya mwanzo kwa tairi hizo kubwa, utahitaji difu ya karibu 4.4. Njia isiyo na gharama ni kurudi kwenye kipimo cha tairi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha gari, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango wa dereva.

Jinsi ya kujua namba ya gari lako

Anza na kibati cha gari, kinachokaa ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Kwenye Toyota nyingi kuna mstari wenye alama za giaboksi na ekseli. Muuza spea mzoefu au fundi mwenye kitabu cha gari hilo anaweza kukutafsiria. Kumbuka tu kwamba gari lililotumika huenda lilishabadilishwa difu, na kibati hakitakuambia hilo.

Njia ya uhakika ni kuhesabu. Inafaa kwa difu ya kawaida isiyo na loki:

1. Simamisha gari mahali tambarare na pagumu. Ziba tairi tatu kwa magogo au mawe makubwa, mbele na nyuma, mpaka gari lisiweze kusogea.
2. Inua tairi moja ya nyuma kwa jeki, kisha weka stendi imara. Weka gia huru na uachie handibreki. Asiingie mtu chini ya gari.
3. Chora alama ya chaki kwenye tairi iliyoinuliwa na kwenye propela.
4. Zungusha tairi kwa mkono mizunguko 20 kamili. Mwenzako achuchumae pembeni na ahesabu mizunguko ya propela.
5. Gawanya hesabu ya propela kwa 10. Ikizunguka mara 41, difu ni 4.1. Ikizunguka karibu mara 36, difu ni karibu 3.6.

Tunagawanya kwa 10 badala ya 20 kwa sababu tairi ya upande wa pili imesimama. Tairi moja ikisimama, kraunwili huzunguka nusu tu ya mizunguko ya tairi inayozunguka.

Kabla hujabadilisha difu

Ikiwa shida yako ni sehemu moja tu mbaya, kama kilima cha matope karibu na shamba, na gari lako ni la kuvuta tairi nne, tumia kwanza gia ya chini, ile ya alama 4L. Kwenye pikapu nyingi huongeza nguvu zaidi ya mara mbili, nayo ulishailipia uliponunua gari. Itumie kwenye udongo, mchanga au matope. Usiitumie kwenye lami kavu, kwa sababu mitambo itajikaza na inaweza kuvunjika.

Ukiamua kubadilisha, zingatia haya:

Gari la kuvuta tairi nne lina difu mbili, na namba zake lazima zilingane. Ukibadilisha ya nyuma pekee, siku utakayoweka tairi nne, mbele na nyuma zitavutana mpaka kitu kikatike. Kwa hiyo panga bajeti ya difu mbili.

Kraunwili na pinioni hutengenezwa zikiwa pacha. Usikubali kuuziwa kraunwili ya gari moja na pinioni ya gari jingine, hata kama meno yanaonekana kufanana. Mara nyingi hesabu ya meno imegongwa kwenye kraunwili yenyewe, hivyo isome kabla ya kulipa.

Tafuta fundi mwenye kifaa cha kupimia nafasi kati ya meno. Difu iliyofungwa kwa kukisia hulia, hupata moto, na mwisho hula meno yake. Weka oili ya difu ya aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Kilomita za kwanza tembea bila mzigo mzito, pumzisha gari lipoe, kisha umwage oili hiyo na kuweka mpya, kwa sababu ya kwanza hubeba unga wa chuma.

Kwenye pikapu za zamani, spidi husomwa kutoka nyuma ya giaboksi, hivyo mshale utadanganya ukibadilisha difu. Mwambie fundi aurekebishe.

Jinsi ya kuchagua

Marekani, mnunuzi wa pikapu mpya ya kazi nzito huweza kuagiza namba ya difu kiwandani, kwa mfano 3.73 au 4.10. Sisi wengi tunanunua magari yaliyotumika, na tunapokea namba ambayo mwingine aliichagua kwa kazi nyingine. Ndiyo maana inafaa kujiuliza maswali haya kabla ya kutoa pesa:

Kati ya safari kumi, ngapi una mzigo? Mzigo huo unapita milimani au kwenye tambarare? Unapanda nao au unashuka nao? Tairi zilizofungwa ni za kipimo cha kiwandani?

Kama safari saba au nane ni za mzigo kwenye milima kama ya Usambara, Uluguru au Makete, tafuta difu ya 4.1 kwenda juu. Kama kazi yako ni kwenye nyanda kama za Shinyanga au Singida, safari ndefu za lami na mzigo wa wastani, namba kati ya 3.5 na 3.9 itakutosha na itakupunguzia mafuta. Kama kazi yako ni mchanganyiko, chagua kwa kufuata safari yako ngumu kuliko zote, hasa ikiwa ni ya kushuka. Mafuta kidogo ya ziada ni gharama unayoweza kuirudisha sokoni. Breki zikikuishia mlimani, hakuna soko litakalokurudishia ulichopoteza.