Kabla ya Kulisingizia Jicho, Utazame Mzizi

Mmea hununuliwa kando ya barabara ukiwa kijani kibichi, ukaletwa nyumbani kwa furaha, na kabla mwezi haujaisha majani yameanza kupukutika. Mara nyingi neno la kwanza kusemwa huwa baya: mkaza mwana ana mkono mzito, au jirani aliyeingia juzi ana jicho. Jicho hatulikanushi. Lakini kumtuhumu mtu pasi na ushahidi ni jambo zito, na katika majumba ya ghorofa ya Eastlands, ambako mlango watazamana na mlango, neno moja kama hilo laweza kuvunja ujirani wa miaka. Mmea wenyewe una ushahidi wake. Na tuutazame huo kwanza.

Wengi wa jamaa zetu walioko Umoja, Buruburu, Donholm na Pipeline wametoka Pwani, na wamekwenda na mazoea ya Pwani ya kumwagilia maua kila asubuhi. Mombasa, joto na upepo wa bahari hukausha udongo upesi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Usiku wake una baridi, na kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hulifunika jua siku nyingi. Maji ambayo Mombasa yangekauka kwa siku moja au mbili, huko hukaa chunguni siku nyingi. Mizizi nayo yahitaji hewa. Ikizama majini huoza. Majani yakageuka manjano, mama adhani ni kiu, aongeze maji, na mmea ufe kwa wingi wa huruma.

Basi tia kidole udongoni hadi kiungo cha pili. Ukiwa mbichi, na shina la chini ni laini au udongo wanuka uvundo, maji yamezidi. Utoe mmea, ukate kwa kisu safi mizizi iliyo myeusi na laini, ubakishe iliyo migumu, uupande katika udongo mpya uliochanganywa na mchanga, na usiharakishe kumwagilia. Chombo lazima kiwe na matundu chini. Vile vyombo vya mapambo visivyo na tundu huficha maji kama kisima. Lakini udongo ukiwa mkavu, umeachana na kingo za chungu, na majani yamekauka ukingoni, hiyo ndiyo kiu. Umwagilie hadi maji yatoke chini, kisha uyaache yachuruzike yote.

Udongo ukiwa sawa, tazama dirisha. Huko Pipeline majumba yamekaribiana mno hata vyumba vingi vya ghorofa za chini havioni jua. Mrehani, tuupendao kwa harufu yake, hautaishi humo: hurefuka, ukapauka, ukaelemea mwangaza, kwa kuwa wahitaji jua kwa saa nyingi za mchana. Mahali pake ni roshani au juu ya paa. Penye mwanga mchache uweke ule uuzwao kwa jina la ZZ. Huo si mgeni kwetu: asili yake ni mashariki mwa Afrika, kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini, na Zanzibar imo. Huhifadhi maji katika mashina manene mfano wa viazi yaliyo chini ya udongo, na kwa sababu hiyo huvumilia ukame, lakini huoza upesi ukinyweshwa kila siku.

Geuza pia majani. Utando mwembamba au vijidudu vyeupe kama pamba vyafutwa kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, tena na tena. Ncha zikiwa za kahawia na juu ya udongo kuna ukoko mweupe, huenda maji ya kisima yenye chumvi ndiyo sababu; kinga ya mvua utumie hayo.

Na ikiwa ni majani machache tu yaliyoanguka katika majuma ya kwanza, mmea umehama nyumba na wazoea pahali pake. Usiuhamishe chungu, usiutie mbolea, usiuzungushe kila chumba. Upe majuma matatu ya utulivu, kama apewavyo mkaza mwana aliyeingia nyumba ngeni. Naye jirani, ukimpata kijiti cha kupanda, mpelekee.