Mbio za magari: Kwa nini barabara ya Spa-Francorchamps inapendwa na kuogopwa na mashoferi

Kwenye kalenda ya Formula 1, hakuna barabara ya mashindano iliyo ndefu kuliko ile ya Spa-Francorchamps, kwenye misitu ya Ardennes, mashariki mwa Ubelgiji. Ina kilometa 7 na mita 4 na kona 19, na siku ya mashindano mashoferi wanaizunguka mara 44. Lakini si urefu unaoifanya ipendwe. Spa inamlazimisha shoferi kuchagua, na akichagua vibaya inamlipisha. Tangu mwaka wa 1921, swali limebaki hilo hilo: malipo hayo yawe makubwa kiasi gani?

Barabara iliyofuata milima

Viwanja vingi vya siku hizi vilichorwa kwanza kwenye karatasi, kisha udongo ukasawazishwa. Spa ilizaliwa kwa njia nyingine. Mwaka wa 1921, waandaaji walichukua barabara za kawaida zilizounganisha Francorchamps, Malmedy na Stavelot, wakapata mzunguko wa karibu kilometa 15. Milima na mabonde ndiyo yaliyoamua kona zikae wapi. Hata leo, baada ya kufupishwa, tofauti kati ya sehemu ya chini kabisa na ya juu kabisa ni karibu mita 100.

Sehemu inayojulikana zaidi ni ile ya mto mdogo wa Eau Rouge. Gari linashuka kwa kasi, linakata kushoto, kisha mara moja linapanda mlima wa Raidillon likikata kuume. Huko juu kuna kona nyingine ya kushoto ambayo shoferi haioni: mbele yake anaona mbingu tu. Anayeondoa mguu kwenye esanse anapoteza kasi kwenye barabara ndefu ya Kemmel inayofuata, na aliye nyuma yake anamfikia.

Hapo ndipo kulitokea tukio ambalo wapenzi wa mchezo huu bado wanalizungumzia. Mwezi wa nane mwaka wa 2000, Mika Häkkinen wa McLaren alikuwa anamfukuza Michael Schumacher wa Ferrari. Alijaribu kumpita, Schumacher akamfungia njia. Mzunguko uliofuata, wa 41, walimkuta Ricardo Zonta katikati ya barabara ya Kemmel. Schumacher akapita upande mmoja, Häkkinen akapita upande mwingine, na kabla ya kona ya Les Combes Häkkinen alikuwa mbele. Akashinda mashindano hayo.

Kwenye barabara ya Monaco, yenye kilometa 3 na mita 337 katikati ya nyumba na kuta, tukio la namna hiyo ni gumu sana kutokea. Monaco inapima ufundi mkubwa, kwa sababu kosa dogo linaishia ukutani. Lakini nafasi ya kupita mwenzako karibu haipo, na mara nyingi mshindi anajulikana tangu siku ya majaribio.

Mafundi nao wanaumwa kichwa

Ugumu wa Spa unaanza kabla ya gari kutoka. Sehemu ya kwanza na ya mwisho zina barabara ndefu za mwendo mkali, kwa hiyo gari linahitaji mabawa madogo ili lisizuiwe na upepo. Sehemu ya katikati imejaa kona, na huko gari linahitaji mabawa makubwa yanayolikandamiza chini. Haiwezekani kupata vyote viwili. Kila timu inaamua ipoteze wapi ili ipate wapi.

Kisha kuna mvua. Kwa sababu barabara ni ndefu na iko milimani, mvua inaweza kunyesha upande mmoja wakati upande mwingine ni mkavu. Kuingia mapema kubadilisha matairi ni hatari, na kuchelewa vilevile. Mwaka wa 1998, magari 13 yaligongana kwenye mvua mara baada ya kuanza. Mwaka wa 2021 mvua ilizidi, magari yakazunguka mara chache tu nyuma ya gari la usalama, na washindi wakapewa nusu ya pointi.

Bei iliyolipwa

Sifa hizi zimegharimu maisha. Mwaka wa 1960, Chris Bristow na Alan Stacey walikufa hapo katika mashindano yale yale. Mwaka wa 1966, Jackie Stewart alitoka njiani kwenye mvua, akabanwa ndani ya gari lake huku esanse ikimmwagikia kwa muda wa karibu dakika 25. Waliomtoa ni mashoferi wenzake, wakitumia ufunguo wa fundi walioazima kwa mtazamaji. Tangu siku hiyo Stewart alipigania usalama, ingawa wengine walisema anaondoa utamu wa mchezo. Barabara ya zamani iliachwa na Formula 1 baada ya mwaka wa 1970, na ile fupi ikaipokea mwaka wa 1983.

Hata hivyo, kifo hakikuisha. Mwaka wa 2019, Mfaransa Anthoine Hubert, mwenye miaka 22, alikufa baada ya ajali ya Raidillon katika mashindano ya Formula 2. Mwaka wa 2023, Mholanzi Dilano van 't Hoff, mwenye miaka 18, alikufa kwenye mvua katika mashindano ya vijana.

Kati ya ajali hizo mbili, kwa ajili ya msimu wa 2022, nafasi ya pembeni mwa Raidillon ilipanuliwa, na changarawe zikarudishwa kwenye kona kadhaa. Hatua hizo mbili zinaonyesha kile kinachotafutwa. Penye lami pana pembeni, anayekosea anarudi njiani bila hasara. Penye changarawe anapoteza muda, pengine mashindano yote, lakini anarudi nyumbani.

Sasa Spa inakabiliwa na hatari nyingine: nafasi kwenye kalenda. Kwa mkataba uliotangazwa mwezi wa kwanza mwaka wa 2025, Formula 1 itaenda huko mwaka wa 2026, 2027, 2029 na 2031. Mwaka wa 2028 na wa 2030, mlima wa Raidillon utabaki bila mashindano hayo.