MAMA WA MIMBA: TEMBEA, LAKINI PUNGUZA MUZIGO

Siku za kupima mimba ulizo hili linarudi kila mara: "Nitembee, ao nikae nyumbani?"

Wamama wetu wanatembea tangu asubuhi mpaka jioni: shamba, maji, kuni, soko. Mama wa Kabare anashuka Bukavu na muzigo mugongoni, mukanda kwenye paji la uso, kisha anapanda mulima tena. Watu wengine wanasema mwendo unaharibu mimba. Sivyo. Tutenge mambo mawili: mwendo na muzigo.

Mwendo unasaidia nini?

Damu inashuka miguuni bila taabu, lakini kupanda tena mpaka moyoni ni kazi. Wakati unatembea, misuli ya miguu inakamua mishipa na kusukuma damu juu. Ndiyo sababu mama anayesimama pale pale sokoni siku nzima anavimba miguu. Mwendo unasaidia pia choo kupita vizuri.

Shirika la Afya la Dunia linashauri mama wa mimba mwenye afya nzuri apate dakika 150 za mwendo ao mazoezi kwa juma. Mama wa shamba anazipita upesi! Basi wewe hukosi mwendo. Unakosa pumziko.

Muzigo unaumiza namna gani?

Maji lita 20 ni kilo 20. Wakati wa mimba, viungo vya mugongo na nyonga vinalegea kwa kutayarisha kuzaa. Tumbo linavuta mbele, muzigo unavuta nyuma, njia inateleza. Mugongo unauma, na kuanguka ni rahisi. Tena, kazi nzito inakula chakula ambacho wewe na mutoto munahitaji.

Fanya hivi:

1. Chukua bidoni ndogo. Ile kubwa ibebwe na bwana ao vijana wa nyumba. Baba unayesoma hapa, kubeba maji hakupunguzi heshima yako.
2. Kula kidogo mbele ya kutoka. Ondoka mbele ya jua kali, na chukua maji yaliyochemshwa.
3. Vaa viatu, hata kambambili. Kuna minyoo ya udongo inayoingia kwa ngozi ya muguu, kisha inakunywa damu tumboni.
4. Muchana, lala kwa ubavu hata nusu saa.

Usiendelee na safari kama:

- damu ao maji yanatoka;
- kichwa kinauma sana, macho yanaona giza, ao uso umevimba;
- tumbo linauma na kuachilia mara kwa mara mbele ya miezi kutimia;
- mutoto hachezi kama kawaida;
- umezimia.

Weka muzigo chini pale pale njiani, uite mutu. Usije kwa miguu: wakulete kwa pikipiki ao tipoyi, hata usiku.

Na kama nyumba yako ni mbali na materniti, usingojee uchungu uanze. Mwezi wa 9 ukiingia, njoo ukae karibu, kwa ndugu ao kwa rafiki.

Leo jioni, mbele ya kulala, zungumza na bwana yako: kesho nani atateka maji?