Sura ya Tano: Tarehe ni ya Jua, Bahari ni ya Mwezi

Mama yangu alitimiza miaka 60 mwezi ukiwa nusu. Alikuwa amestaafu ualimu, nasi wanawe tukachanga tukampeleka Jambiani, mashariki ya Unguja, akapumzike. Saa kumi alasiri alishuka ufukweni, kanga moja kiunoni na nyingine begani, tayari kuoga. Maji yakamfika magotini. Akazidi kwenda mbele, bado magotini, na chini majani yanamtelezesha. Alirudi akaketi mkekani, akasema kwa upole, "Haidhuru, wanangu. Bahari nimeshaiona." Maneno yale yaliniuma kwa siku nyingi, na ndiyo yaliyonifanya nianze kuwauliza wavuvi maswali.

Tulichagua siku kwa kalenda ya ukutani, na kalenda hiyo hufuata jua. Maji hufuata mwezi kwanza. Lugha yetu yenyewe inatukumbusha: pwani ni pale maji yanapopwa.

Mwezi huivuta bahari, na jua nalo huivuta, ila kwa nguvu ndogo zaidi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, viwili hivyo huwa kwenye mstari mmoja na dunia, nguvu zao zikajumlika. Hapo, au siku moja mbili baadaye, ndipo linapokuja bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana. Unguja tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Mwezi ukiwa nusu, jua huvuta upande wake na mwezi upande wake, tukapata maji mafu, yasiyopanda sana wala kushuka sana. Na kwa kuwa mwezi nao unasogea huku dunia ikizunguka, kila siku maji huchelewa kama dakika 50 kuliko jana.

Kwa mwenye sherehe, jambo kubwa ni saa. Kila pwani ina saa zake za bamvua, na hazibadiliki sana mwaka hadi mwaka. Unguja, siku za mwezi mpevu maji hujaa mnamo saa kumi na kitu, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa nne na kitu, asubuhi na usiku. Siku za mwezi nusu mambo hugeuka: alasiri ndiyo saa ya kupwa. Mama alishuka saa ileile ambayo bahari ilikuwa imeondoka.

Je, tarehe yako ya kuzaliwa itaangukia mwezi gani? Miezi 12 ya mwandamo ina siku 354 hivi, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo kila mwaka tarehe yako hukuta mwezi mwingine. Lakini miaka 19 ya jua inakaribia sana kulingana na miezi 235 ya mwandamo. Basi ukitimiza 19, 38 na 57, juu yako unakuwapo mwezi wa umbo lilelile la siku uliyozaliwa. Tangu nilipolijua hilo, naiona 57 kuwa na haki ya sherehe kuliko 60. Ukifika 60, mwezi unakuwa umeipita hali ile kwa siku kama 3.

Asubuhi ya bamvua nayo ina raha yake. Maji yakipwa, unaweza kutembea mbali kuelekea mwamba, katikati ya mashamba ya mwani. Kilimo hicho kilianza huku mwaka 1989, na wengi wa wakulima ni wanawake. Utawaona wameinama, wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vigingi. Wasalimie, pita kando ya kamba zao, na uvae viatu vya plastiki kwa sababu ya miiba.

Geuka mapema. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Katika saa sita za kujaa, saa ya kwanza huongeza kidogo tu, ukadhani una muda. Saa ya tatu na ya nne peke yake huleta karibu nusu ya maji yote. Siku ya bamvua hizo ni mita 2 kwa saa mbili, na mara nyingi mikondo iliyo nyuma yako, upande wa ufukweni, hujaa kabla ya hapo uliposimama. Ukiwa na mzee au mtoto, anza kurudi maji yanapoanza tu kugeuka.

Upepo nao utazamwe. Kusi ikishika, hasa Juni hadi Agosti, upande wa mashariki huwa na mawimbi na ubaridi wa jioni. Januari na Februari, wakati wa kaskazi, joto ni kali na mvua ni chache.

Mwaka uliofuata hatukuitazama tarehe ya Mama. Tulingoja mwezi mpevu wa Februari, tukampeleka Jambiani palepale. Saa kumi na nusu maji yalikuwa yamegusa mizizi ya minazi. Alioga mpaka magharibi, nasi tukamshika mikono kila wimbi lilipokuja. Jua lilizama nyuma yetu, nyuma ya nyumba za kijiji, na mbele ya Mama, juu ya mwamba, mwezi ukachomoza kutoka baharini, mwekundu, mzima. Tulimwita chakula tayari. Akasema, "Kuleni, mimi bado."